Nimeipokea Leo

Barua ilikuja na unga.
Zihindula aliikunja mara nne, akaiweka
juu ya daftari la mikate, kando ya mizani,
akarudi tanuruni kana kwamba ameacha chenji.

Saa kumi na moja alfajiri, Nyawera bado giza,
mvua ya Bukavu inateremsha udongo barabarani,
nami nimesimama na miwani ya marehemu mume wangu
nikisoma kwamba mtu niliyemtegemea miaka kumi na mmoja
"anaomba kwa heshima kuacha kazi"
ifikapo mwisho wa mwezi.

Nilikasirika. Nisiseme uongo.
Methali ya punda na mateke ilinijia mdomoni,
nikaitafuna kama mkate wa juzi.
Nikakumbuka homa ya mwanawe, zile dola themanini,
na usiku alipofiwa na mama, nani alimfungulia lango.
Nilihesabu wema wangu
kama mchuuzi anavyohesabu mayai yaliyovunjika.

Halafu nikakumbuka droo.

Droo ya Bwana Cirhuza, dukani kwake Kadutu,
nilipokuwa karani wa miaka ishirini na minne.
Barua yangu aliisukumia humo bila kuisoma,
akafunga kwa ufunguo,
akaninyang'anya funguo za ghala mbele ya wateja,
akamwambia mlinzi anipekue mkoba.
Mlikuwa na kitana, na ndizi moja.
Siku thelathini alinipita kama nguzo ya umeme,
ya mwisho akamwapia mkaguzi:
"Barua ipi? Huyu katoroka."
Mshahara wangu wa mwezi ule
uko kwenye droo ile mpaka leo.

Basi nikachukua kalamu.
Pembeni, karibu na alama ya kidole cha unga, nikaandika:
Nimeipokea leo. Tarehe. Jina langu lote. Mhuri,
ule ule tunaogongea oda za hospitali.
Nakala moja yake, moja yangu.
Mtu anayeondoka asiachwe akijiuliza
kama ameshaondoka.

Nikamwita. Sikuuliza nani kakudanganya,
wala yule wa Muhungu atakulipa ngapi.
Nilisema, keti. Akakataa, suruali ina unga.
Nilisema, keti hivyo hivyo.
Niliuliza kimoja tu: humu ndani nini kimekuchosha?
Akanyamaza mpaka mikate ya kwanza ikaanza kunukia.
"Mama Nsimire, ni moshi.
Bomba lile nililisema mwaka juzi.
Ukasema tutaona."

Tutaona.
Kumbe nami nina droo.

Nilitaka kuwatangazia vijana mwenyewe;
akaomba awaambie yeye, wakiwa wanakanda.
Nikamwachia. Habari ni yake.
Siku zake za likizo zilikuwa kumi na tisa,
nilizihesabu mara mbili, mara ya pili bila hasira.
Deni la dola tuliliandika kwenye karatasi yake peke yake,
lisije likajificha ndani ya mshahara
kama jiwe ndani ya mchele.

Cheti cha kazi kilinisumbua zaidi.
Niliandika "mwaminifu", nikaona ni neno
wanaloandikiwa hata walinzi wanaosinzia.
Nikaongeza: anajua hamira siku za baridi,
anaugonga mkate chini kwa kidole
na kusikia kama umeiva.
Hilo ndilo alilokuwa akimfundisha Nabintu wiki nzima,
vichwa vyao viwili vimeinamia mkate mmoja
kama wanasikiliza mlango.

Fundi wa bomba alikuja Jumanne.
Zihindula alikuwa bado na siku sita kwetu.
Nilijua nimechelewa, na yeye alijua,
hakuna aliyelisema.
Alisimama chini ya bati jipya linalong'aa,
akatia kuni, akatazama juu.
Moshi ukapanda wote, moja kwa moja, ukatoka.

Akakohoa, kwa mazoea.