Mweka Hazina wa Barabara ya Mierezi

Kibao cha kaunti kinaishia penye masanduku ya barua.
Hapo lami inakata kauli,
inaanza changarawe, na changarawe ni yetu:
nyumba tisa, kilomita moja na robo,
makalvati mawili, moja limeoza.
Hakuna ofisi inayolijua shimo la kona ya juu.
Sisi tunalijua. Tumelipa jina: Bwawa.

Mimi ndiye mweka hazina. Sikuomba.
Nilichelewa mkutanoni, nikakuta nimeshachaguliwa.
Wakanikabidhi daftari lenye doa la kahawa
na kopo la biskuti, ndani dola arobaini na moja.

Theluji ikiyeyuka huku kaskazini mwa Michigan,
ardhi juu ni uji, chini bado ni jiwe;
maji yakikosa pa kwenda, yanashika barabara kama sisi.
Machi ile lori la gesi lilifika penye masanduku,
dereva akashuka, akachomeka fimbo topeni,
akaitazama inavyozama,
akageuza.
Wiki nzima Lorna Pettibone, wa nyumba ya mwisho,
alilala na koti.

Ndipo tukaketi, jikoni kwa akina Szymanski,
watu wanane, viti sita.
Tugawane vipi?
Lorna ana kigari kimoja, ila anaitumia njia yote.
Szymanski ana malori mawili ya magogo, ila anaishi katikati.
Wale wa Chicago huja Julai, majuma matatu,
wakauliza kama ipo bei ya Julai.
Huyu akasema tupime kwa hatua, yule kwa magurudumu,
mwingine kwa vichwa; mama wa mapacha akanuna.
Hadi saa nne usiku tulikuwa tumekubaliana jambo moja:
keki ilikuwa nzuri.

Mwisho tukakata sawa kwa sawa, kwa uchovu zaidi kuliko haki.

Wa tisa hakuja. Reino Haapala, nyumba ya kwanza.
Nilimfuata. Alifungua mlango upana wa pua:
"Toka kwenye lami hadi kwangu ni hatua sitini.
Nilipie tope lenu?"
Akafunga, tena polepole. Bora angeubamiza.
Nikaandika: Haapala, sufuri.
Nikaikoleza ile sufuri
mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Greda lilikuja siku moja, likala pesa zote kabla ya kona.
Bwawa likabaki Bwawa.

Januari, saa kumi alfajiri, natoka zamu ya usiku,
barabara imekuwa kioo.
Taa zangu zikamkuta mtu pale kwenye kona,
mbali, mbali mno na hatua sitini:
Reino, tochi kichwani, anavuta kwa kamba
kiteleza chekundu cha watoto, juu yake ndoo tatu.
Majivu ya jiko lake.
Anayachota kwa koleo, anayamwaga juu ya barafu,
anayasawazisha kwa buti
kama mtu anayefunika kitu kilicholala.
Nikazima taa, sijui kwa nini.
Alijua nipo. Hakugeuka.
Alipomaliza alisimama pembeni, akanipisha,
na magurudumu yangu yakashika.

Sijamwambia mtu.
Szymanski bado anasema Haapala atoe chake kama wengine,
na Szymanski hajakosea: greda halijazwi mafuta kwa majivu.
Lakini nimehesabu. Asubuhi kumi na tisa, ndoo tatu tatu,
na daftari hili lina safu ya dola, safu ya senti,
basi.
Nikilifungua, ile sufuri iliyotoboka
inaonyesha ukurasa wa nyuma yake,
herufi mbili za jina la Lorna.
Sijaiziba.

Kalvati bado limeoza.
Mkutano ni Jumanne, kumi na mbili na nusu jioni,
ajenda: viongozi wapya.
Safari hii nitawahi.