Lengo Linalopimika

Chumba chetu kiko mwisho wa korido,
baada ya stoo ya mashuka.
Kibao kinasema TIBA KWA VITENDO
na watu hubisha hodi kuuliza kama hapa ndipo pa miwani.

Bibi Kalunde aliletwa kutoka Isevya kwa pikipiki,
amefungwa kwa shuka mgongoni mwa mwanawe Mihayo
kama yeye alivyomfunga zamani.
Kiharusi, mwezi wa tatu. Mkono wa kulia
umelala pajani, mgeni aliyegoma kuaga.

Nikafungua faili:
"Mwanamke, miaka 61, mkono wa kulia dhaifu.
Fahamu timamu. Anashirikiana."
Anashirikiana! Neno tunalompa kila mtu
ambaye hajatutukana.

Lengo la kwanza, langu, kwa wino wa bluu:
"Mteja atahamisha vigingi kumi
kutoka ubao huu hadi ule, kwa dakika tatu,
ifikapo wiki ya nne."
Linapimika. Lina tarehe.
Mkuu wa idara akalipigia vema nyekundu.

Wiki ya pili, vigingi saba.
Wiki ya tatu, tisa. Nikachora mstari unaopanda.
Cha kumi akakishika, akakigeuzageuza,
akasema kwa upole wa mtu anayemkosoa mkwe:
"Mwanangu, kwangu hakuna hivi.
Nikishavipanga vyote, nani atakula?"

Kalamu nikaiweka chini.
Stesheni, behewa za Mpanda zilikuwa zinagongana, zikitafuta kichwa.

"Basi unataka nini, mama?"

Akamtuma Mihayo maji.
Mlango ulipofungwa, akasema:
"Anayenifunga kanga asubuhi ni yeye.
Hufumba macho. Namwona anavyofumba.
Na fundo lake hulegea kabla sijafika uani.
Nataka nijifunge mwenyewe. Basi."

Chuoni tuliambiwa: lisiloandikwa halikufanyika.
Hatukuambiwa liandikweje
lile linalofanyika macho yamefumbwa.

Usiku umeme ukakatika. Kwa tochi ya simu niliandika, nikafuta:
"Mteja atajisitiri." Kwa asilimia ngapi?
"Mteja atarudishiwa heshima." Na nani, aliyeichukua?
"Mwana atafumbua macho." Huyo hana faili kwetu.

Kulikokaribia kucha:
"Akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda,
mteja atazungusha kanga kiunoni,
ataibana ncha kwa kiwiko cha kulia,
ataifunga kwa mkono wa kushoto, bila msaada,
mara nne kati ya tano, isilegee kwa hatua ishirini."

Mkuu akauliza: "Hatua ishirini umezitoa kitabu gani?"
Nikajibu: "Kitandani hadi uani. Nilimwuliza."

Akaja na kanga yake ya njano, jina limefifia,
linasomeka nusu tu: …SI YA KUAZIMA.

12 Juni. Sifuri kati ya tano. Amecheka.
19 Juni. Moja. Amelia; sikuandika sababu, na hapa pia siiandiki.
26 Juni. Mbili. Fundo limelegea hatua ya kumi na moja.
Amelitukana kwa Kinyamwezi. Nimeandika: "Ana ari."
3 Julai. Hakuja. Nauli.
10 Julai. Tatu.

Tarehe ya mwisho nikamfuata Isevya, daftari kwapani.
Akajaribu mara tano. Tatu tena.
Fomu ina visanduku viwili, haina cha katikati:
Lengo limefikiwa? Ndiyo. Hapana.
Nikatia alama Hapana. Tatu si nne,
na faili si mahali pa kumpendelea mtu.

Lakini chini kuna "Maoni mengine",
mstari mwembamba ambao wengi huuruka.
Hapo nikaandika nilichokikuta nilipofika,
kabla sijaingia, kabla sijatoa kalamu:

"Mwana amesimama nje ya mlango wa mama yake.
Amebisha hodi. Anasubiri."