Kwa Kauli Moja

Mwenyekiti aliniinamia sikioni:
"Andika, wakaazi wa Likoni waliafikiana kwa kauli moja."
Kalamu yangu ikakohoa.
Kauli moja ipi, na ukumbi mzima ulikuwa ukivuma
kama Kongowea lori la vitunguu likifunguliwa?

Bi Nyamvula alitaka bomba la maji kabla ya lami.
Ogutu wa gatini alisema lami kwanza, maji yatajileta;
akachekwa, naye akacheka, kisha akarudia vile vile.
Kijana mmoja, jina hakutoa, alisimama
akasema yeye hapigi kura na hatapiga,
na kwamba kikao chote hiki ni chai na mandazi.
Mwenyekiti akagonga meza: "Hilo usiandike."
Nikaandika.
Na mandazi nikayaandika.

Kisha Tsuma, msukuma mkokoteni,
mitungi ameiacha nje juani,
jasho limemchora ramani mgongoni.
"Vibanda vya njia ya feri," akaanza,
na honi ya feri ikalia, ikammeza.
Akangoja. Akaanza upya.
Alisema juu ya ndugu yake, na lori la saruji,
na njia ya miguu iliyoliwa na meza za wachuuzi.

Meza ya nne kutoka kituoni ni ya mama yangu.
Viazi vya karai, ukwaju, pilipili ya kopo.
Ada yangu ya shule ilitoka katika mafuta yale,
na kovu hili la mkononi pia.

Basi mkono ukawa mzito.
Ningeweza kuruka mstari, nani angejua?
Ningeweza kuandika "mchangiaji mmoja alilalamika":
maneno matatu, sanda ya mtu mzima.
Nikaandika lake lote, nimeuma meno,
jina, ndugu, lori, saruji,
na mwisho: "Anataka vibanda vivunjwe."

Wiki ya pili tukasoma kumbukumbu.
Mama alikuwepo safu ya nyuma, leso kaifunga kifuani,
haniangalii.
Nilipofika kwa Tsuma sauti ilinikwama,
nikasoma hata hivyo.
Akainua mkono.
"Dada karani, umeandika vizuri,
hata marehemu ndugu yangu umemtaja.
Ila neno moja si langu.
Sikusema vivunjwe. Nilisema visogezwe."

Feni ya dari ikasikika.
Nikalitafuta neno lile kichwani mwangu:
kweli lilikuwemo, chini ya honi, chini ya hofu,
nami nilikuwa nimelisikiliza kwa sikio la karai.
Nikakata. Nikaandika juu yake.
Wino ukachafua ukurasa.

Mwenyekiti anatazama saa,
mama huyo kasimama, hajaomba ruhusa:
"Visogezwe wapi, mwanangu?
Maana nyuma yetu ni mtaro."
"Mtaro ufunikwe," Ogutu akadakia.
"Kwa pesa ya nani, ya bomba langu?" Bi Nyamvula huyo.
Na yule kijana asiyepiga kura
akakiburura kiti chake, kikipiga kelele sakafuni,
hadi mbele.

Nikafungua ukurasa mpya.
Waliafikiana, sikuandika.
Niliandika: saa kumi na robo,
bado wanasema.