Harufu ya Samaki Mwezi wa Januari

Mama alipiga simu saa tisa za usiku.
"Nyumba inanuka samaki anayeungua," alisema,
"na mimi tangu Krismasi yetu ya tarehe saba
sijagusa samaki."

Nikavuka Winnipeg nzima. Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
theluji ikilia chini ya matairi kama wanga mkavu unaofinywa.
Nilimkuta jikoni na koti lake, ndoo ya maji mapajani.
Maji! Nikamnyang'anya kwanza, maneno baadaye.
Nikagusa kifuniko cha soketi nyuma ya birika:
kilikuwa na homa, pembeni kimeiva rangi ya chai.
Nikashuka kuzima swichi kuu,
tukaenda kulala kwa jirani, Bi Thorlakson,
ambaye hakuuliza kitu, alitandika tu.

Nyumba hii marehemu baba, Ostap, aliivutia waya mwenyewe,
mwaka wa sabini na moja, usiku, akitoka karakana ya reli.
Shaba ilikuwa imepanda bei. Alumini ilikuwa nyepesi, nyeupe,
na dukani walimfungia kama zawadi.
Rahisi ghali, mtasema.
Semeni. Alikuwa na watoto watatu na mkopo.

Asubuhi akaja Roselle Desjarlais, fundi umeme,
mfupi, miwani imeganda ukungu.
Testa yake aliijaribu kwanza kwa jirani, penye umeme,
ndipo kwetu, palipozimwa,
kisha akarudi kwa jirani tena, theluji hadi magotini,
"maana testa iliyokufa nayo husema hakuna umeme."

Akafungua soketi. Skrubu ilizunguka kwa ukucha.
"Waya yenyewe haina kosa," alisema.
"Imelala ukutani miaka yote hii kwa adabu.
Kosa liko hapa, inaposhikwa.
Ikipata joto hutanuka kuliko skrubu, ikipoa hunywea,
kila siku, kila birika la chai,
mpaka mshiko unalegea, utando unaota,
na umeme unapita kwa kujisugua."

Nikasema: si uisokote tu na kipande cha shaba, basi?
Aliniangalia kama mtoto aliyeomba kiberiti.

Alikata ncha iliyoungua. Akaimenya ganda polepole
bila kuichubua, kwani alumini yenye kovu
hukatika siku ya kukunjwa.
Akatoa kiungio kidogo chenye vyumba:
alumini chumba hiki, shaba chumba kile,
grisi ya kijivu ndani, zisigusane,
kila moja na skrubu yake.
Bisibisi yake ina kipimo. Akakaza mpaka ikasema *tk*.
Hakuongeza. "Ukizidisha kwa hasira unaivunja,
ukipunguza kwa huruma unachoma nyumba."
Ile shaba fupi ndiyo iliyokwenda kwenye soketi mpya.

Masanduku arobaini na saba. Siku nne.
Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta;
ukuta wetu haukuwa na ufa hata mmoja,
na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yake.

Siku ya tatu, nyuma ya kifuniko cha chumba cha kulala,
penseli ya baba, kwa Kiukraina.
Roselle aliinua tochi. Nikamfasiria:
*Orysia anataka nyingine karibu na dirisha. Kesho.*
Tukageuka sote kutazama dirisha.
Ukuta mtupu, karatasi ya maua, kiti cha kushonea,
na waya mrefu wa taa umepita sakafuni
chini ya zulia, miaka yote hiyo.

"Niiweke?" aliuliza Roselle.
"Bei gani?"
"Ya shaba," akasema, akafuta miwani.

Sasa kabla ya kulala Mama huzunguka nyumba,
kiganja juu ya kila kifuniko,
vile alivyokuwa akipima vipaji vya nyuso zetu.
"Baridi," anasema. Anakwenda kingine. "Baridi."
Kile cha dirishani hukigusa mara mbili.