Sekunde Tisa

Mimi ndiye niliyeshika saa.
Winnipeg, njia panda ya Selkirk,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
theluji inalia chini ya viatu kama mlango mbovu.
Mhandisi wa jiji amekuja na ramani,
ramani nadhifu, yenye doti nyekundu
kila mahali watu wetu walipogongwa.
Doti moja ni Wesley, mpwa wake Delphine.
Mhandisi hajui. Tumemwacha asijue kwanza.

"Taa inatoa sekunde kumi na nne," alisema ukumbini,
"kwa hesabu ya mtu wa kawaida."
Bibi Ivy Okemow akacheka kwa pua,
akauliza kwa Kikrii, nami nikafasiri:
"Huyo mtu wa kawaida anakaa mtaa gani?
Mbona hajawahi kuja kunywa chai?"

Sasa tuko nje. Bibi anamkabidhi mfuko:
samaki walioganda, betri za redio, dawa ya sukari.
"Nibebee, mwanangu. Twende mwendo wangu."
Kigari chake cha kutembelea kinakwama
kwenye tuta la barafu lililoachwa na greda.
Nane. Tisa. Nahesabu kwa sauti.
Kumi na nne, nao wako katikati,
taa imegeuka,
lori la mchanga linapiga honi,
na mhandisi amesimama mbele ya Bibi,
mfuko unaning'inia, mikono kaitanda
kama anayezuia ng'ombe.

Ng'ambo: ishirini na tatu.
Hakusema neno. Kalamu iligoma kwa baridi,
akaazima penseli ya Bibi.
Ndipo Delphine akaweka kidole juu ya doti.
"Huyu alikuwa na miaka kumi na saba.
Andika na hilo."

Wasemao subira yavuta heri hawajavuka Selkirk.
Barua, vikao, biskuti za ofisini,
diwani akabadilika, baridi mbili zikapita.
Tulipeleka namba, wakataka namba nyingine.
Basi tukapeleka miguu: kila Jumanne
watu arobaini, vigari, watoto mgongoni,
tukavuka, tukarudi, tukavuka.

Mwezi Machi fundi akafungua kisanduku cha taa.
Sekunde tisa. Ndizo tulizopewa.
Delphine hakuja kuzitazama.

Lakini jana nimemwona Bibi Ivy
amefika katikati ya barabara, akasimama makusudi,
akafungua kitambaa chake cha kichwa,
akakifunga upya, taratibu,
na magari, pande zote mbili,
yakamngoja.