Mtunza Makoti

Mimi nilikaa mlangoni. Kazi yangu makoti.
Novemba ya mwaka wa ishirini na sita, mji wa Nantes,
mvua ya siku ya tatu, na sufu iliyolowa
ilinuka kama zizi.

Nje walibandika: ANSELME KERGUIDEC, PICHA KUMI NA SABA.
Peke yake. Hakuna jina la pili la kumsitiri.
Ukumbi uliwahi kuwa duka la kofia;
vichwa vya mbao vilibaki stoo,
naye Anselme aliviamkia kila asubuhi.

Nilizitazama kabla ya taa kuwashwa, ufagio mkononi.
Chanuo lenye meno: meno ya mtu, moja limezibwa dhahabu.
Farasi wa funguo tupu, na uwanda mzima hauna kufuli.
Mwanamke ambaye uso wake ni droo iliyovutwa nusu,
ndani soksi moja ya mtoto.
Na kitanda. Kitanda kimepandwa shambani, mvuani,
vitunguu vimechipua kwenye mto,
mto wa kulalia, si huu wetu wa Loire,
majani mabichi hata nikasikia harufu.

Sikuelewa. Nilifagia taratibu zaidi.

Saa mbili usiku wakamiminika.
Mtu akivua koti huvua na adabu.
"Haya ndiyo tuliyoachia chakula mezani?"
"Mpwa wangu wa miaka sita..." hakumaliza, glavu iko mdomoni.
Mke wa hakimu alicheka mbele ya chanuo,
kisha akaziba kinywa kwa kiganja
na hakukiondoa mpaka alipodai koti lake.
Kijana mmoja, kashuka na treni ya Paris, viatu vyembamba,
alisema haya ni mapinduzi, akasema mara tatu,
akiwa ameipa mgongo picha anayoisifu.
Alimtafuta Anselme atie sahihi karatasi fulani.

Anselme alikuwa kwangu, nyuma ya makoti,
anamenya njugu za kuokwa.
"Wamefika kwenye kitanda?"
"Wamefika."
"Wanasemaje?"
"Wanauliza choo kiko wapi."
Alicheka mpaka njugu ikamkwama.

Bwana Thibaudier wa gazetini alikuja wa mwisho, akatoka wa kwanza.
Dakika kumi na moja, kwa saa ya ukutani.
Keshokutwa nilimsoma juu ya samaki niliofungiwa sokoni:
*Bwana Kerguidec hachori; anaumwa mbele za watu.
Yeye tumwombee daktari, picha zake tuziombee kiberiti.*
Magamba yaligandia kwenye neno "kiberiti".
Nilificha. Kumbe keshasoma.
"Kaandika vizuri," alisema. "Sentensi fupi."
Lakini kifungo cha shati kilimshinda, nikamfungia mimi.

Picha moja tu iliuzwa, lile chanuo,
kwa daktari wa meno wa mtaa wa pili, aliyeomba apunguziwe
kwa sababu jino la dhahabu, alisema, limezibwa vibaya.

Siku ya nne, mchana, mvua ile ile,
Thibaudier akarudi. Alisahau mwavuli.
Niliufuata ndani; kurudi, hayupo mlangoni.
Amesimama mbele ya kitanda, kofia mkononi,
inachuruzika kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.
Safari hii sikuhesabu dakika.
Mwishowe akasema, wala si kwangu:
"Lucien aliandika walilala hivi. Kwenye vitunguu.
Mimi nikadhani mwanangu ananitania."
Akauliza bei. Nikamtajia.
Mkono ukaingia mfukoni, ukakaa humo, ukatoka mtupu.
"Usimwambie mtu."

Gazeti halikuandika tena.
Jumapili picha zikashushwa, misumari ikabaki,
Anselme akaondoka na mkokoteni chini ya turubai.
Siku hizi wanasema alikuwa miongoni mwa wa mwanzo.
Wa mwanzo wa nini, hawajaniambia.

Ule mwavuli aliusahau tena. Ninao.
Mpini wa pembe, ubavu mmoja umepinda.
Kila nikiufungua huinamisha kichwa kwanza,
nisije nikadondokewa na vitunguu.