Mmiliki Hajulikani

Mimi ndiye ninayeandika zile kadi.
Karatasi nyeupe, wino mweusi, mistari mitatu isizidi:
kitu gani, cha lini, cha nani.
Makumbusho yetu ni vyumba viwili Buguruni,
nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa,
na ukimwambia mtu kwa simu, "Njoo Makumbusho,"
anashuka kituo cha Makumbusho, kule Kijitonyama,
kisha anakupigia kwa hasira.

Tunavyo vitu arobaini na kimoja.
Tiketi ya basi la UDA, imetobolewa pembeni.
Kadi ya duka la kaya: sukari kilo mbili,
na safu ya mwezi wa nne, tupu.
Redio ya mbao iliyokuwa ikifunikwa kitambaa cha kufuma
kama bibi harusi.
Ufunguo wa nyumba ya vyumba sita
ambayo sasa ni lami.
Na mbuzi ya kukunia nazi, meno yamelika,
kiti chake kimeng'aa kwa kukaliwa.
Hiyo niliiandikia:
*Mbuzi. Mti wa mvule. Miaka ya hamsini, kwa kukadiria.
Mmiliki hajulikani.*
Nikaona nimemaliza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi hufungua mlango wa uani,
tunatandika mikeka,
wanafunzi wanaletwa kwa mstari,
Mwalimu Nakiete akihesabu vichwa.
Safari hii mada ilikuwa Jiko la Jana.
Mtoto mmoja akasoma kadi yangu kwa sauti, akauliza,
"Mbuzi? Pembe zake ziko wapi?"
Wakacheka, hata Kidawa mlinzi
akageukia ukuta.

Ndipo nikasikia nyuma yao:
"Hajulikani kwa nani?"

Bi Siwazuri binti Mkongea alikuja kupima presha tu;
watu wa zahanati huweka meza yao uani kwetu siku hiyo.
Mkono mmoja wa gauni ulikuwa bado umekunjwa.
Aliivuka kamba yetu nyekundu
kama anavyovuka kamba ya nguo nyumbani kwake,
akainama, akapitisha kidole chini ya kiti,
mahali ambapo hakuna kati yetu aliyewahi kutazama.
"Hapa pana pengo. Nilipamega kwa panga, nina miaka saba.
Mama alinikimbiza mpaka kisimani."

Nikapiga magoti.
Pengo lilikuwepo.

Sikujua la kusema, nikasema la kazini:
"Bibi, hairuhusiwi kugusa."
Alinitazama. Kisha akaketi.
Akaketi juu ya kifaa namba kumi na saba,
miguu upande, khanga kaibana magotini,
na ule mgongo aliokuja nao umepinda
ukapata mahali pake.
"Nazi ziko wapi? Mnaonyesha mbuzi bila nazi,
ndiyo maana watoto wanatafuta pembe."

Mtu akatumwa gengeni.

Sitaeleza sana.
Ilikuwa ile sauti, krr, krr,
na yule mtoto wa pembe kakinga kiganja chini ya meno,
akala, akakinga tena, wenzake wakapanga foleni.
Mwongozo wetu una ukurasa mzima juu ya mafuta na unyevu.
Niliufunika kwa daftari la wageni.

Jioni nikachukua kadi mpya.
"Jina la mama?"
"Mwanamgeni. Alikuwa akiuza vitumbua, weka na hilo.
Na weka kwamba siku ile hakunipiga,
alichoka kukimbia, akakaa chini akacheka."
Mistari mitatu haikutosha.

Siku hizi mbuzi ina daftari lake la kuazimwa.
Hitima ya Jumanne, imesainiwa.
Maulidi, imesainiwa.
Hurudi imeoshwa, ila katikati ya meno
hubaki uzi mweupe ambao siufuti.

Kadi kumi na tisa bado zina lile neno.
Napita nazo mtaani, hodi kwa hodi,
nimebadilisha mstari wa mwisho tu:
*Sisi hatumjui mwenyewe. Je, wewe?*